Kulinyamazisha Gari Dogo: Utangulizi wa Elimu ya Sauti ya Ekzosi

Toyota IST, Vitz, Honda Fit, Mazda Demio: magari haya yaliundwa yawe kimya. Yanapofika Dar es Salaam au Nairobi huwa yameshatembea Japani miaka kadhaa, na baada ya miaka mingine michache ya barabara zetu, kitu cha kwanza kuuvunja ukimya huo mara nyingi huwa silensa ya nyuma. Kutu huila kutoka ndani, mshono wa debe huachia, na gari la kupelekea watoto shule huanza kuamsha majirani alfajiri. Mwenye gari anakwenda gerejini na ombi ambalo wauzaji hawalisikii kila siku. Silensa halisi ya kiwandani bei yake inamshinda. Zile za mdomo mpana zinazonguruma hazitaki. Anataka ya kubadilisha, ya bei anayoimudu, iliyo kimya, na ikiwezekana kimya kuliko ile iliyooza.

Ombi hilo linajibika. Nyuma yake ipo elimu yenye zaidi ya miaka mia moja, yenye hesabu zake, maabara zake na mabishano yake. Inaishi katika vitivo vya uhandisi na katika viwanda vya magari, lakini inaishi pia Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na soko la Kisekka jijini Kampala, kwa mafundi wanaochomelea vyuma kutwa nzima na wanaojua kwa sikio tu kama kazi imekaa sawa. Nawaandikia mwanafunzi, fundi na mwenye gari kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja ameshika kipande cha jambo hili ambacho mwenzake hana. Hoja yangu ni moja: gari halinyamazishwi kwa kuzibwa mdomo. Linanyamazishwa kwa kuipa sauti nafasi ya kutosha na njia ya kujimaliza yenyewe, huku moshi ukipita bila kuzuiwa.

Tuelewane kwanza. Ekzosi hapa ni mfumo wote wa kutolea moshi, kuanzia kwenye injini hadi mkiani. Silensa, ambayo wengine huiita mafla, ni debe la kupunguzia sauti. Masega ni kile kisafisha moshi chenye vitundu vidogo vidogo kilicho karibu na injini.

Hataza ya silensa inayotajwa sana katika historia ya fani ni ya mwaka 1897, ya ndugu wawili wa Columbus, jimbo la Indiana nchini Marekani, Milton na Marshall Reeves. Baadaye akaja Hiram Percy Maxim, mtoto wa yule Maxim aliyebuni bunduki ya rashasha ambayo Wajerumani waliitumia dhidi ya watu wetu wakati wa vita vya Maji Maji. Mtoto alijulikana kwa kinyamazisha bunduki, alichokipatia hataza mwaka 1909, na kampuni yake ikaendelea hadi kutengeneza silensa za injini. Kwa miongo mingi kazi hii ilifanywa kwa kujaribu: kata, chomelea, sikiliza, kata tena. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1954, pale watafiti wa taasisi ya anga ya Marekani iliyoitwa NACA, wakiongozwa na Davis, walipochapisha ripoti namba 1192. Humo waliweka hesabu za silensa za aina nyingi kando ya vipimo vyake halisi, na mtu akaweza kuona wapi nadharia inashika na wapi inateleza. Ripoti hiyo bado inasomwa. Kitabu kilichoikusanya fani na kuipa sura ya somo kamili la chuo kikuu kilitoka mwaka 1987, na mwandishi wake, M. L. Munjal, alikuwa akifundisha Bangalore, India. Natamani kila mwanafunzi wetu alijue hilo. Mojawapo ya vitabu vinavyotegemewa na wahandisi wa silensa duniani kiliandikwa katika nchi ambayo, kama zetu, ilikuwa inapigana na kelele za barabarani na bajeti ndogo za maabara.

Sasa tuingie bombani. Valvu ya kutolea moshi inapofunguka, gesi iliyomo ndani ya silinda bado ina presha kubwa kuliko ile ya nje. Hufyatuka, na kufyatuka huko huzaa wimbi la presha linalokimbia mbele kwa kasi ya sauti. Moshi wenyewe unafuata nyuma, polepole mno ukilinganisha na wimbi. Mambo haya mawili ni lazima yatenganishwe kichwani tangu siku ya kwanza: moshi unatiririka, wimbi linakimbia. Kazi nzima ya silensa ni kuupisha moshi na kulikamata wimbi. Anayeviona vitu hivi viwili kama kimoja atadhani kwamba kupunguza sauti ni lazima kubane pumzi ya injini, naye atakuwa amekosea hesabu kabla ya kushika spana.

Wimbi hilo huja kwa mpangilio unaohesabika. Injini ya mipigo minne yenye silinda nne huwasha mara mbili kwa kila mzunguko wa kranki. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 50 kwa sekunde, na kwa hiyo mitetemo 100 kwa sekunde, yaani hezi 100. IST yenye injini ya 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,497 ni ya kundi hili. Lakini Vitz nyingi za kuanzia mwaka 2005 zina injini ya 1KR-FE ya sentimita za ujazo 996 na silinda tatu, nayo huwasha mara moja na nusu tu kwa mzunguko. Kwa mizunguko ile ile 3,000 sauti yake ya msingi ni hezi 75. Sauti ya chini zaidi ina wimbi refu zaidi, na wimbi refu ni gumu kulikamata katika debe dogo. Kwa hiyo silensa iliyomtuliza jirani mwenye IST inaweza kuvuma vibaya kwenye Vitz ya silinda tatu, hata kama injini ya Vitz ni ndogo na silensa imeingia bila taabu. Muuzaji anayesema “inaingia gari zote ndogo” anazungumzia kipenyo cha bomba, si sauti.

Wimbi hukamatwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kulirudisha. Wimbi likitoka kwenye bomba jembamba na kuingia ghafla kwenye chumba kipana, sehemu yake hugeuka na kurudi lilikotoka. Urefu wa chumba ukipangwa vizuri, kilele cha wimbi linalorudi hukutana na bonde la wimbi linalokuja, na yote mawili yakafifia. Ukipasua debe la silensa ya kiwandani ya gari dogo utakuta vyumba viwili au vitatu vyenye kuta za bati, na mabomba yenye matundu yanayopishana kutoka chumba kimoja hadi kingine. Si uchafu wa mabati. Kila urefu umehesabiwa. Pengine utakuta chumba kisicho na mlango wa kutokea, kilichounganishwa kwa shingo fupi tu. Hicho ni kazi ya Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani aliyeeleza jambo hili katika kitabu chake kuhusu hisia za sauti mwaka 1863. Puliza juu ya mdomo wa chupa ya soda na utausikia ugunduzi wake: hewa ya shingoni inakwenda na kurudi juu ya hewa ya tumboni, kwa sauti moja maalumu. Chumba cha namna hiyo kikibandikwa ubavuni mwa bomba humeza sauti hiyo moja na kuziacha nyingine zipite.

Njia ya pili ni kulichosha. Bomba lenye matundu linapita moja kwa moja katikati ya debe, na nafasi inayobaki hujazwa pamba ya kioo au pamba ya mawe. Wimbi likiingia kwenye nyuzi hizo husuguana nazo na kugeuka joto. Njia hii huua vizuri sauti za juu, zile za mikwaruzo na za kupasuapasua sikio. Kwa mngurumo wa hezi 75 au 100 haina nguvu, labda debe liwe kubwa sana. Tena pamba huungua na kupeperuka mkiani kidogo kidogo, hivyo silensa iliyokuwa kimya ilipokuwa dukani hubadilika sauti kadiri miaka inavyokwenda. Silensa nyingi za kubadilisha zinazouzwa kama za michezo ni za njia hii pekee. Nzuri zaidi kwa anayetafuta ukimya ni zile zinazounganisha njia zote mbili: vyumba vya kukamata sauti ya chini, pamba ya kukamata ya juu.

Hapa ndipo fani inaponoga. Watu wengi waliobadilisha silensa hawalalamiki juu ya kelele za nje. Wanalalamika juu ya mvumo, ile sauti nzito inayojaa kichwani gari likiwa katika mwendo mmoja barabara kuu. Ukitoka Chalinze kwenda Morogoro kwa mwendo wa kutulia, inakuja. Ukiongeza au kupunguza kilomita kumi, inatoweka. Fundi anaangalia, haoni tundu, anakuambia utazoea. Mvumo huo una sababu, tena unahesabika kwa penseli.

Bomba lililo wazi ncha zote mbili huitikia kwa nguvu wimbi ambalo nusu yake inalingana na urefu wa bomba. Hewa ya nyuzi 20 hupitisha sauti kwa mita 343 kwa sekunde, lakini gesi ya ekzosi yenye nyuzi 300 huipitisha kwa karibu mita 480. Chukua kipande cha bomba cha mita mbili kati ya madebe mawili: gawanya 480 kwa mara mbili ya urefu, unapata hezi 120. Kwenye injini ya silinda nne hiyo ni mizunguko 3,600 kwa dakika. Bomba hilo likirefushwa hadi mita mbili na nusu, mwitikio unashuka hadi hezi 96, ambazo ni mizunguko 2,880, eneo ambalo gari dogo hukaa kwa saa nyingi safarini. Ndipo unapoona kwa nini kuondoa debe la katikati na kuweka bomba tupu, jambo linalofanywa kirahisi ili kuokoa fedha, huweza kuzaa mvumo ambao haukuwapo. Debe lile la katikati halikuwa pambo. Lilikata bomba refu kuwa mafupi mawili na kuusukuma mwitikio nje ya mwendo wa kawaida wa safari.

Juu ya hilo, gari lenyewe ni chumba. Kutoka kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma wa IST au Fit ni kama mita mbili, na hakuna ukuta unaotenga buti na abiria. Chumba cha urefu huo huitikia hezi 80 na kitu. Ekzosi ikivuma karibu na hapo, viwili hivyo husaidiana, na abiria wa nyuma ndiye anayeumia zaidi kwa kuwa kichwa chake kiko karibu na ukuta wa nyuma, pale presha inapokuwa juu. Mwenye gari la buti lililofungwa hupata kinga kidogo ambayo mwenye gari dogo la mlango wa nyuma hana.

Kipimo cha kawaida cha kelele nacho hakiuoni mvumo vizuri. Desibeli za mizani ya A, zinazotumika katika sheria na katika matangazo ya biashara, zimepangwa kufuata usikivu wa binadamu kwa sauti ndogo, na kwa sababu hiyo hupunguza hesabu ya sauti za chini: kwenye hezi 100 huondoa desibeli 19, na kwenye hezi 50 huondoa 30. Silensa mbili zinaweza kusomeka sawa kabisa kwenye kipimo, moja ikimwacha dereva azungumze na mwenzake, nyingine ikimshusha Morogoro na kichwa kinachouma. Kumbuka pia kwamba desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Ongezeko la 10 ni nishati mara kumi, ingawa sikio hulihisi kama mara mbili hivi. Ongezeko la 3 ni nishati maradufu, na sikio hulitambua kidogo tu. Anayetangaza kwamba silensa yake ni kimya kwa desibeli moja hajakuambia kitu.

Dawa ya mvumo ipo, na inapendeza kwa wepesi wake. Chomelea ubavuni mwa ekzosi bomba lililozibwa mwisho, lenye urefu wa robo ya wimbi unalotaka kuliua. Wimbi linaingia, linagonga mwisho, linarudi likiwa limechelewa nusu ya mzunguko, na linakutana na mwenzake na kumfuta. Kwa hezi 100 na gesi ya mita 480 kwa sekunde, robo hiyo ni mita 1.2. Gesi iliyotulia ndani ya bomba lililozibwa hupoa, kasi ya sauti hushuka, na urefu unaofaa kwa kweli huwa mfupi kuliko huo. Ikiwa nyuzi 150 humo ndani, hesabu inakaribia mita moja. Hivyo bomba hilo lisichomelewe mwisho moja kwa moja mara ya kwanza. Liwe na kizibo kinachosogezwa, gari liendeshwe, urefu utafutwe, ndipo lizibwe. Bomba hili halizuii moshi hata kidogo, kwa kuwa moshi haupiti humo.

Baada ya hayo, kuchagua dukani kunakuwa kazi ya macho, mikono na futi ya kupimia. Cha kwanza ni ujazo. Kanuni ya kazi inayozunguka miongoni mwa wasanifu ni kwamba ukimya mzuri huhitaji silensa yenye ujazo wa karibu mara kumi ya injini. Kwa IST ya lita moja na nusu hiyo ni lita 15: debe la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 20 na urefu wa sentimita 48. Si lazima debe moja libebe zote. La katikati na la nyuma huhesabiwa pamoja. Ukikuta dukani kidebe cha kipenyo cha sentimita 10 chenye mng’aro wa kuvutia, umeshajua hakitakufaa. Lala chini ya gari, pima nafasi iliyopo pembeni mwa shimo la tairi la akiba, na utafute debe kubwa kuliko yote yanayoweza kuingia hapo bila kugusa bodi.

Chungulia ndani kwa tochi. Ukiona mwanga upande wa pili, ni bomba la kupita moja kwa moja lenye pamba. Usipouona, ina vyumba, na kwa ombi letu hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Ligonge debe kwa kifundo cha kidole: bati jembamba la tabaka moja hulia na litalia pia barabarani, kwa sababu ukuta wa debe nao hutoa sauti; bati la tabaka mbili hujibu kwa sauti butu. Uzito hapa ni sifa njema.

Bomba lenyewe lisizidi mahitaji. Ekzosi ya kiwandani ya gari la lita 1.3 au 1.5 ina kipenyo cha milimita arobaini na kitu, nayo inatosha injini isiyoongezwa nguvu. Kuweka la milimita 60 ni kulipa fedha zaidi ili kupata kelele zaidi. Kuna maneno yanayorudiwa sana gerejini kwamba injini “inahitaji presha ya nyuma” ndiyo ivute vizuri. Hapana. Injini haifaidiki na kizuizi chochote. Inachofaidi ni moshi unaokwenda kwa kasi katika bomba la kipimo chake, na mawimbi yanayorudi kwa wakati unaosaidia silinda kujisafisha. Mtu akiweka bomba pana mno, kasi hiyo hupotea katika mizunguko ya chini na gari huzubaa. Naye hudhani amekosa presha.

Kuhusu chuma, fikiria maji. Kila lita ya petroli inayoungua huzaa karibu lita nzima ya maji, yakitoka kama mvuke. Kwenye safari ndefu ekzosi hupata joto na mvuke wote hutoka. Kwenye safari fupi za Kinondoni hadi Posta, silensa ya nyuma, ambayo ndiyo ya mwisho kupata joto, hubaki baridi. Mvuke hutonea ndani yake ukiwa na asidi kidogo, na kutu huanza kazi. Ndiyo sababu gari la mjini huoza silensa kabla ya gari la safari, na sababu silensa nyingi za kiwandani zina kitundu kidogo chini cha kutolea maji. Fundi asikizibe akidhani ni uvujaji. Bati la kawaida lililopakwa rangi ni la muda mfupi, hasa pwani kwenye chumvi ya hewa. Bati lililopakwa alumini ni la kati. Chuma kisichoshika kutu ni ghali, na kwa mtu anayetaka kukaa na gari lake kina thamani ya bei yake.

Masega yasiguswe. Nasema hivi kwa msisitizo kwa kuwa kuyakata ni biashara, kwani yana platinamu, paladiamu na rodiamu ndani yake, na mwenye gari mara nyingi huambiwa kwamba gari “litapumua”. Zamani kulikuwa na sababu: petroli yenye risasi iliyaua. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa petroli hiyo, na ilipofika mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondoka vituoni kwetu. Tangu hapo gari lenye masega mazima halina sababu ya kuyakosa. Vile vitundu vidogo husafisha moshi na pia hulainisha sauti za juu kabla hazijafika kwenye silensa. Ukiyatoa, kisha ukatafuta silensa ya kufidia, unanunua ulichokuwa nacho. Kama yameziba kwa sababu injini inakula oili, injini itibiwe na masega yabadilishwe.

Tazama pia alama. Silensa ya kubadilisha iliyoidhinishwa kwa Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara, chini ya kanuni namba 59 ya Umoja wa Mataifa. Za Kijapani huweza kuwa na kibati cha JASMA, chama cha watengenezaji wa silensa za michezo wa huko. Kwa magari ya rika hili, kelele ya gari lililosimama hupimwa kwa kuweka maikrofoni nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, pembeni kwa nyuzi 45, injini ikizungushwa kwa robo tatu ya mizunguko inayotoa nguvu kubwa kabisa. Kwa 1NZ-FE yenye kilele kwenye 6,000, hiyo ni 4,500. Gereji yoyote inaweza kufanya hivyo uwanjani kwake. Sheria zetu zipo: Kenya ina kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2009, Tanzania ina zake za mwaka 2015. Ulaya ilianza mwaka 1970 na kikomo cha desibeli 82 kwa magari madogo na sasa inashuka kwa awamu hadi 68, ingawa namna ya kupima imebadilika njiani. Msukumo wa kushuka huko ni afya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa Ulaya, linapendekeza kelele za barabarani usiku zisizidi desibeli 45, kwa ajili ya usingizi. Watoto wa Manzese na Eastleigh wana masikio yale yale.

Kufunga kunataka subira kuliko nguvu. Gari liwe baridi, lisimame mahali tambarare, tairi zizuiwe, na baada ya jeki liwekwe juu ya stendi. Hakuna kazi ya ekzosi inayostahili kufanywa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Bolti zilizoota kutu zinyunyiziwe mafuta ya kupenya usiku uliotangulia. Kwenye Toyota nyingi ndogo kiungo cha mbele kina gasketi ya duara na bolti mbili zenye springi, ambazo huruhusu injini kutikisika bila kulivunja bomba. Gasketi hiyo iwe mpya, na springi zisibadilishwe kwa bolti za kawaida zilizokazwa hadi mwisho. Nimeona viungo hivyo vimechomelewa kabisa ili “visivuje”, na baada ya muda ufa unatokea karibu na manifoldi, mahali pagumu na ghali kuliko yote.

Kama kuna kuchomelea kwa umeme, waya wa betri utolewe kwanza ili kuilinda kompyuta ya gari, na nyaya za sensa ya oksijeni ziwekwe mbali na moto. Tangi la petroli la mengi ya magari haya liko chini ya kiti cha nyuma, la Honda Fit chini ya viti vya mbele, na bomba hupita jirani yake: kipande kichomelewe nje ya gari, kisha kirudishwe. Ngao za bati za kuzuia joto zirudishwe zote. Raba za kuning’inizia ziwe mpya na zote zibebe uzito sawasawa, kwa kuwa debe zito tulilolichagua litapasua raba zilizochoka. Kaza kila kitu kwa ulegevu kwanza, nyoosha mfumo mzima, hakikisha kuna nafasi ya upana wa kidole kati ya bomba na bodi, ndipo ukaze moja kwa moja kuanzia mbele kwenda nyuma.

Mkia lazima utokeze nje ya bampa. Gari la mlango wa nyuma likikimbia huvuta hewa nyuma yake, na moshi unaotoka chini ya sakafu huweza kuingia ndani kupitia raba za mlango zilizochoka. Ndani ya moshi kuna kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoua. Hili ni la kwanza kuliko ukimya wowote.

Jaribu uvujaji injini ikiwa ingali baridi: mmoja awashe, mwingine azibe mkia kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache. Injini ikizongwa na kutaka kuzima, mfumo umefunga. Ukisikia mlio wa tiki tiki mahali, paka maji ya sabuni hapo na tundu litajionyesha kwa mapovu. Uvujaji kabla ya sensa ya oksijeni huivuta hewa ya nje ndani kati ya mapigo, kompyuta ikadhani mchanganyiko una petroli haba, ikaongeza. Mwenye gari atajikuta na gari kimya linalokunywa. Baada ya safari kadhaa za moto na baridi, bolti zikazwe tena.

Kwa anayetaka kuanza kusoma fani hii kwa vitendo, simu aliyo nayo inatosha. Programu za bure huchora sauti kulingana na hezi zake. Namba za desibeli zinazotolewa na programu hizo zisitegemewe sana, lakini kwa kulinganisha zinafaa. Rekodi gari lako kabla ya kubadilisha silensa, ndani na nje, kisha urudie baadaye, mahali pale pale, mizunguko ile ile, madirisha yamefungwa. Tafuta kilele cha hezi 100 kwa silinda nne kwenye 3,000, au 75 kwa silinda tatu. Usishangae barabarani zaidi ya kilomita 50 kwa saa kukuta sauti za tairi zimefunika kila kitu kwenye hezi za juu. Hizo hakuna silensa itakayozipunguza. Kilele kikishuka nje na ndani, silensa inafanya kazi. Kikishuka nje lakini ndani kikabaki pale pale, sauti haipiti tena mkiani. Inapanda kwenye bodi kupitia vyuma, na cha kukagua ni raba za kuning’inizia, kisha maunti za injini.